Kwa walimu wa shule za msingi zenye junia (gredi ya saba hadi ya tisa), hapa Nairobi

Walimu wanangu, hamjambo?

Mimi niliweka chaki chini zamani, wala sina cheo cha kuwaamuru. Ila wajukuu wangu watatu wanasoma shule moja hapa Eastlands, na jioni wakikaa kula ugali nawasikia wanasimulia kama watu waliotoka shule tatu mbalimbali.

Wa PP2, yaani chekechea mwaka wa pili, habari yake ni choo. Tundu ni pana, mlango haufungiki, wakubwa wanagonga. Uji wa saa nne haugusi, asije akabanwa. Wa gredi ya nne ukimwuliza amefunzwa nini, anakutajia nani aligombana na nani na mpira wa makaratasi ulipotelea wapi. Huyo ana raha zake, tumwache.

Anayeninyima usingizi ni wa gredi ya nane. "Shosho," aliniambia, "mimi niko hapa tangu PP1." Geti ni lile lile, kengele ni ile ile, na paredini anasimama karibu na watoto wanaolilia mama zao. Kilichobadilika ni sare tu. Gredi ya saba ya kwanza ilipoanza mwaka wa 2023, na ikaamuliwa junia ikae katika shule za msingi, mimi nilishangilia: mtoto wa miaka kumi na miwili bado ni wa kulala kwao. Nashangilia hata leo. Lakini sikumbuki mtu akiwauliza watoto wenyewe.

Na mambo haya nilishayaona. Mwaka wa 1985, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia, darasa la nane liliongezwa juu ya la saba. Watoto waliodhani wamemaliza msingi wakabaki pale pale mwaka mwingine. Wazazi waliitishwa harambee ya karakana, nasi walimu tukahangaika na matofali na randa. Wavulana wakaanza kuchelewa na kuruka ua. Mmoja nilipomshika akasema, "Mwalimu, hapa sina pa kukaa ila kwenye dawati." Nikamwongezea viboko viwili vya ujeuri. (Kiboko kilipigwa marufuku mwaka wa 2001, kilichelewa.) Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kijana yule alikuwa amenijibu kwa adabu kabisa.

Siwaombi majengo. Najua madarasa ni machache, najua wengi wenu mnafundisha hata masomo ambayo hamkusomea. Naomba muwaulize, na kila rika kwa njia yake. Mdogo ukimwuliza "shule iko vipi?" atasema "poa" akimbie. Mshike mkono, mwambie akutembeze, kisha tazama anapokataa kupita. Wa junia wape karatasi isiyo na jina, tena msiisome mbele ya paredi, tafadhali.

Wakitaka kivuli cha mti mmoja kiwe chao, wapeni. Wakitaka mapumziko yao yasigongane na ya wadogo, geuzeni ratiba. Foleni ya Dishi na County, kile chakula cha mchana cha kaunti, wapangeni wadogo kwanza. Shilingi tano ya mtoto wa PP1 ni sawa na ya mwenzake mwenye ndevu. Na msidhani kumfanya mkubwa kiranja wa wadogo ndiyo heshima anayoitafuta. Nimewaona viranja wakijifunza kufoka kuliko kusoma. Afadhali bustani ya somo la kilimo iwe mikononi mwao kweli kweli, wapange cha kupanda, na sukuma ikikauka, imekauka mikononi mwao.

Komeo la choo cha PP2 nitalinunua mimi. Nitalileta Jumatatu asubuhi. Mwambieni askari wa geti asinidai barua kama safari ile, maana barua yenyewe ndiyo hii.

Shosho yenu, mwalimu mstaafu,
Makadara