Mchango wa watoto wa Gaza: pesa zinakwenda wapi

Assalaam alaykum ndugu zangu,

Kwa mnaouliza kwa nini hatukusanyi nguo: kusafirisha mabegi ni ghali kuliko nguo zenyewe, na hata malori ya misaada husota mpakani. Tunatuma pesa.

Kamati imechagua PCRF (Palestine Children's Relief Fund), shirika linalohudumia watoto wa Palestina tangu miaka ya 1990. Ndio waliofungua wodi ya saratani ya watoto Beit Jala, mji wa Ukingo wa Magharibi, mwaka 2013, kisha Gaza mwaka 2019, katika hospitali ya Rantisi. Hospitali hiyo ilihamwa kwa sababu ya vita Novemba 2023.

Shirika pia huwapeleka majeruhi nje kwa matibabu. Mtoto aliyekatwa mguu hamalizani na mguu bandia mmoja. Akirefuka, ule wa zamani haumfai tena. Kwa hiyo naomba ahadi ya kila mwezi, hata iwe ndogo, kuliko kishindo cha siku moja.

Tumeni kwa namba ya mweka hazina iliyobandikwa juu. Asiyetaka jina lake litajwe aniambie pembeni. Orodha nitaiweka Ijumaa baada ya Isha, pamoja na risiti.

Na jamani, picha za maiti msizitume humu. Simu zetu zinachezewa na watoto.