Mbwa wa geti naye huzeeka

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie kutelekezwa kwa mbwa wazee wa ulinzi, jambo ambalo wengi wetu hapa Mombasa hulipita kando. Wiki tatu zilizopita, nikirudi kutoka swala ya Alfajiri, nilimkuta mbwa mkubwa wa aina ya German Shepherd amefungwa kwenye shina la mwarubaini ulio nje ya uzio wetu, Mkomani. Kamba ilikuwa mpya, na kando yake paliachwa sufuria isiyo na mkono ambayo maji yake yalikuwa yameshamwagika. Aliyemfunga hakuwa mtu mkatili, la sivyo asingaliacha sufuria. Alikuwa mtu aliyehama, au aliyeishiwa, akajiambia kwamba fulani atamwona. Fulani huyo nikawa mimi, na mbwa huyu ni wa pili.

Wa kwanza aliachwa na wapangaji wa nyumba ya jirani waliohamia bara. Walimwachia askari wa geti nusu mfuko wa chakula na ahadi ya kutuma pesa za matumizi, na ahadi hiyo ilidumu miezi miwili. Wakala wa nyumba alipokuja kuipaka rangi kwa ajili ya mpangaji mpya, alimwagiza askari amtoe mbwa nje, pasipo kusema nje ya wapi. Askari yule, mtu mzima mwenye watoto Kaloleni na mshahara usiofika mwisho wa mwezi, alikuja kwangu jioni akasimama mlangoni. "Mwalimu," aliniambia, "mbwa si wangu, lakini nikifungua kikopo changu cha chakula yeye hunitazama. Sasa nifanyeje?" Tangu siku hiyo nimeamini kwamba katika mji huu mbwa mkubwa hununuliwa na mwenye nyumba lakini huzeekea mikononi mwa soja, yaani mzigo wa uzee wake humwangukia mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote walio ndani ya ua ule.

Chanzo chake ni namna tunavyowaleta mbwa hawa. Tunawaleta kwa kazi. Mtu akijenga Nyali au Shanzu huweka ukuta, huweka geti, kisha hutafuta mbwa wa kutisha na kupachika kibao cha "Mbwa Kali", kibao ambacho mimi niliyefundisha Kiswahili kwa miaka mingi hunikera kila nikipita, kwani mbwa ni mkali, si kali. Kibao hicho hubaki pale hata mbwa mwenyewe anapokuwa hawezi tena kuinuka bila kusaidiwa. Mbwa mdogo wa nyumbani aweza kufika miaka 14 au 15, lakini German Shepherd kwa kawaida huishi kati ya miaka 9 na 13, Rottweiler mara nyingi haendi mbali na miaka 10, na Great Dane hupata kati ya 7 na 10. Kwa hesabu hiyo, mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku mbwa alipoletwa hajabaleghe sawasawa, na mbwa kashaingia uzeeni. Anayemnunua kwa umri wa miezi miwili hufikiri amenunua ulinzi wa miaka mingi, kumbe theluthi nzima ya miaka hiyo ni ya mgonjwa wa kuuguzwa.

Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Mbwa wa aina hii huzeeka nyonga. Wengi wao, wakikua, kiungo cha nyonga hakikai sawasawa katika kikombe chake, kasoro ambayo asili yake hurithiwa kutoka kwa wazazi, na kadiri uzito unavyoongezeka ndivyo gegedu, ule utando laini ulio baina ya mifupa, inavyosagika, mpaka mfupa ukasugua mfupa. Huyu wa kwanza alikuwa na takriban kilo 40. Asubuhi alikuwa akiinuka kwa miguu ya mbele, akakaa hivyo kama mtu aliyesahau alichokuwa akienda kufanya, kisha akasubiri. Nilijifunza kupitisha leso kuukuu, yaani khanga, chini ya tumbo lake, mbele ya miguu ya nyuma, nikashika ncha mbili na kumwinua kiuno taratibu huku naye akipiga hatua. Baada ya hatua kumi hivi viungo vilipata joto naye akaenda mwenyewe. Leso ile ilikuwa na jina ambalo lilishafifia, na mke wangu alinikabidhi kwa sharti moja, kwamba isirudi ndani ya nyumba.

Hapo nifafanue, kwa sababu najua swali ambalo wasomaji wengi wa Pwani wameshaliuliza moyoni. Sisi wa madhehebu ya Shafii tunahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Sipingani na hilo, wala sihitaji kupingana nalo ili nimtunze mnyama. Mbwa ana banda lake nyuma ya nyumba, ana sufuria zake, mimi nina kanzu ya kazi na bomba la maji la nje, na hakuna siku swala yangu ilizuiwa na yeye. Tena tuliosoma chuoni, yaani madrasa, sote tulisimuliwa habari ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatu chake na kumnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na kwa hilo akasamehewa. Unajisi wa mate haukuwahi kuwa ruhusa ya kumfunga mnyama juani. Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu nimewasikia watu wakiitaja dini pale tu inapowapunguzia gharama.

Gharama zenyewe zijulikane mapema. Mbwa wa kilo 40 humaliza pakiti ya unga ya kilo mbili kwa muda usiozidi wiki, na ugali mtupu haumtoshi. Ahitaji dagaa, matumbo, au vichwa vya samaki vya soko la Kongowea vilivyochemshwa mpaka miiba ikalainika. Mifupa ya kuku iliyopikwa asipewe kamwe, kwani huvunjika vipande vikali vinavyoweza kumtoboa utumbo. Chakula kigawanywe mara mbili au tatu kwa siku na baada yake apumzike, kwa kuwa mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na ugonjwa wa tumbo kujaa hewa na kujipinda. Dalili yake ni mbwa kutaka kutapika bila kutoa kitu, huku tumbo likivimba na kuwa gumu kama ngoma, na hapo hakuna dawa ya nyumbani. Pasipo upasuaji ndani ya saa chache, atakufa. Jike asiyefungwa kizazi naye huweza kupata usaha katika mji wa mimba wiki chache baada ya kipindi cha kutaka dume, na mara nyingi dalili ya kwanza ni kunywa maji kupita kiasi, jambo ambalo mtu wa hapa kwetu hulisingizia joto la kaskazi.

Kosa ninalolisikia zaidi ni la vidonge. Mtu mwenye huruma humwona mbwa mzee anachechemea, akaingia kabatini akatoa ibuprofen au diclofenac ya maumivu yake ya mgongo, akamfungia katika donge la ugali. Dawa hizo humtoboa mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo zake, na hata paracetamol, ambayo sisi huiona kama peremende, yaweza kumharibu ini. Zipo dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na daktari wa mifugo huzipima kwa kilo. Kuhusu kupe sina haja ya kurefusha: mfunue ufizi kila wiki, na ukiuona umepauka badala ya kuwa wa rangi ya waridi, usingoje, kwani homa za kupe hula damu na mbwa mzee hana akiba.

Mengine ni ya bure ila yanataka mtu awepo. Saruji tupu humtia mbwa mzito sugu za viwiko ambazo baadaye hupasuka, kwa hiyo godoro kuukuu lililovikwa gunia ni bora kuliko banda la mabati la maelfu ya shilingi, ambalo mchana wa Februari ni tanuri. Vigae vya sebuleni, fahari ya nyumba zetu za siku hizi, kwake ni utelezi mtupu; mkeka mmoja humrudishia ujasiri. Atembezwe baada ya Alfajiri au jua likishazama, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na manyoya mazito yaliyoumbiwa baridi ya Ulaya hayakujua kwamba yataletwa Mombasa. Ncha za masikio zipakwe dawa ya kufukuza nzi, maana German Shepherd mzee anayelala sana huliwa masikio yake akiwa hai, na hilo nimeliona kwa macho yangu. Ukungu wa rangi ya buluu machoni si lazima uwe upofu. Mara nyingi ni uzee tu.

Wapo watakaosema kwamba watu wenyewe hawana chakula, na mimi nazungumza mambo ya mbwa. Sina jibu la kuwatuliza wote. Nina neno moja tu, kwamba sikumwambia yeyote amlete mbwa; aliyemleta alikuwa na uwezo, na alipomwacha, njaa ile haikuondoka, ilihamia kwenye kikopo cha askari. Tena mbwa aliyetupwa hukosa chanjo yake ya kila mwaka ya kichaa cha mbwa, ugonjwa ambao dalili zikishamtokea mtu, karibu kila mara huishia kaburini, na ambao serikali yetu ilijiwekea lengo la kuuondoa kufikia mwaka 2030 kwa kuwachanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Mbwa mkubwa mwenye njaa akizurura karibu na watoto waendao madrasa ni jambo la watu, si la mbwa peke yake. Na sheria ipo. Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, inahesabu kuwa ni kosa mwenye mnyama kumtelekeza bila sababu ya maana katika hali inayoweza kumtesa, iwe moja kwa moja au kwa muda tu. Kamba mpya na sufuria ya maji havimtoi mtu humo.

Ninachopendekeza si kikubwa. Mikataba ya kupanga nyumba ina kifungu cha rangi, cha bili ya maji, hata cha misumari ukutani. Kiongezwe kimoja kwamba mbwa aliyeingia na mpangaji atoke naye, na kwamba sehemu ya amana izuiwe mpaka atoke. Jumuiya za wakaazi, ambazo hukutana kujadili taa za barabarani na taka, ziwe na daftari la mbwa wa mtaa na majina ya wenyewe. Anayehamia mahali ambapo hawezi kwenda na mbwa wake aanze kumtafutia mtu miezi kadhaa kabla, si usiku wa kupakia lori. Na makampuni yanayokodisha mbwa wa ulinzi yaulizwe na wateja wao, kwa upole, mbwa wa miaka tisa huenda wapi.

Kwa wale wenye huruma kama yangu nina onyo pia. Msimchukue mbwa mzee kwa sababu ya macho yake. Mchukueni mkiwa mmeshakaa na watu wa nyumbani mkahesabu miaka miwili, mitatu au mitano, pamoja na usiku atakaojikojolea na siku za msiba au safari ambapo lazima apatikane wa kumwinua. Mbwa aliyeachwa mara moja akiachwa tena huwa hali, hanywi, hulala ameelekeza pua getini. Ni afadhali kumlipia chakula na daktari kwa jirani kuliko kumpokea kwa nusu moyo.

Hesabu hiyo ina na siku ya mwisho. Wa kwanza nilikaa naye miaka miwili na miezi saba. Ilipofika hali ya leso kutosaidia tena, na akaanza kulia akigeuzwa, nilimwita daktari nyumbani. Kwanza alimchoma sindano ya usingizi, na alipolala fofofo akamchoma ile ya pili. Nilikuwa nimechuchumaa hapo, na askari wa jirani alikuja akaacha geti lake wazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Tulimzika chini ya mkorosho. Wenye mbwa wengi humwachia askari kazi hiyo, wakamwambia "fanya ufanyavyo", kisha wakaingia garini; sielewi wanachoogopa, kwani mbwa siku hiyo hahitaji ushujaa, anahitaji sauti anayoijua.

Huyu wa mwarubaini daktari amemkadiria miaka tisa kwa meno yake. Anakula vizuri, na nyonga ya kushoto ndiyo mbaya zaidi. Kama aliyemfunga pale anasoma gazeti hili, simwombi amrudie wala sitamuuliza kitu. Naomba kadi yake ya chanjo tu, aipenyeze chini ya geti usiku akipenda, ili nijue alichanjwa lini. Aandike na jina la mbwa juu yake, kwani tumejaribu Simba, Tiger na Bosco, na yote matatu hakuyaitikia.

Ni mimi,
Mwalimu mstaafu,
Mkomani, Mombasa