Kuhusu kope zako

Muscat, Jumanne usiku

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kwako na kwa mama. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unachoogopa ni kwamba utapasuliwa kope za juu, kupunguzwa ngozi, ukiwa hujalala. Mwaka jana nami niliogopa hilo hilo.

Daktari alinichora kope za juu kwa kalamu nikiwa nimekaa, maana ukilala chali ngozi hujivuta na vipimo hupotea. Akanibana ngozi taratibu kwa kibanio, akaweka rula. Akaniambia jambo lililonituliza: anachopima zaidi ni ngozi itakayobaki. Kati ya nyusi na mizizi ya nywele za kope zibaki kama milimita 20, la sivyo jicho halitafumba vizuri na litakauka. Asiyepima hivyo, Zuhura, mkimbie.

Sindano ya ganzi inauma, sikufichi, lakini ni sekunde chache. Kisha nilihisi kuvutwa tu. Alikata kwenye mkunjo wenyewe wa kope, akatoa ukanda wa ngozi na mafuta kidogo upande wa puani. Ukisikia harufu ya kuungua usishtuke, ni mishipa midogo ya damu inazibwa. Mimi sikuambiwa mapema, moyo ulinienda mbio! Katikati ya kazi akaniambia nifumbue, nifumbe, alinganishe macho yote mawili. Mtu aliyelala asingeweza. Saa moja hivi, kazi kwisha.

Najua unaliwazia lile kovu la sikioni. Mwonyeshe daktari, ila ngozi ya kope ni nyembamba mno na keloidi, yaani kovu linalovimba na kukua, huota hapo kwa nadra sana. Zile aspirini za kipandauso pia mtajie, kwani huongeza kutoka damu.

Siku tatu za mwanzo nilivimba sana. Nililalia mito miwili, nikakandia barafu ndani ya kitambaa. Nyuzi zilitolewa siku ya 6, na weusi wa damu iliyovilia ukaisha baada ya wiki mbili.

Jicho likivimba ghafla, likauma sana au ukaanza kuona giza, rudi hospitali saa ile ile, hata iwe usiku wa manane. Damu ikijikusanya nyuma ya jicho inaweza kukupofusha. Hutokea mara chache mno, lakini haingoji asubuhi.

Nipe tarehe niombe likizo. Hizo siku tatu nataka nizilale kwako.

Wako,
Mwanaidi