Wiki ya kumi na moja

Swahiba,

Salaam nyingi. Natumai wote mko wazima, na mchumba wako bado hajabadili mawazo. Mimi mwili mzima, roho ndiyo imekaa upande. Najua umenikasirikia. Jumbe zako zote tatu nilizipata, na ile ya mwisho ya "umekufa?" niliisoma mara mbili. Sijafa. Nilitaka nikujibu nikiwa na habari kamili, na habari yenyewe imekataa kukamilika: sina pasipoti.

Yaani ninayo, ila haifai. Siku ile uliponitumia tarehe ya harusi niliitoa kabatini, nikaona bado ina miezi mitano mbele, nikairudisha kwa raha zangu. Aliyenizindua ni mkata tiketi. Aliniuliza kwa upole, "Inaisha lini?" Nilipomtajia akanyamaza kidogo, kisha akasema haitoshi. Nchi nyingi zinataka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 unapoingia, na hiyo unayofanyia harusi wewe ni mojawapo. Shirika la ndege nalo halikupandishi bila kuiona hiyo miezi, maana ukikataliwa mpakani, wao ndio wanaobebeshwa mzigo wa kukurudisha. Kwa hiyo kitabu changu kilishakufa zamani, tarehe tu ndiyo ilikuwa haijapata taarifa.

Nikaomba kipya. Tovuti ilisema wiki 6. Nikahesabu kwenye kalenda, nikaongeza moja ya bahati mbaya, nikaona kitatoka mapema, nami nitafika siku tano kabla ya harusi nikusaidie kupanga viti. Kumbe hizo wiki hazianzi siku unayokabidhi fomu! Zinaanza siku faili lako linapofunguliwa na kukubaliwa, na zinaishia kitabu kinapotoka mashineni. Siku za kulala kwenye rundo kabla ya hapo, na za kusafirishwa baada ya hapo, ni zako mwenyewe.

Wiki ya nne ikaja bahasha. Niliichana nimesimama mlangoni, viatu sijavua. Picha imekataliwa: kuna kivuli nyuma ya sikio la kushoto. Picha yenyewe ni milimita 35 kwa 45, swahiba, hicho kivuli kina ukubwa wa kichwa cha pini. Nimelikagua sikio hilo kwenye kioo kuliko nilivyowahi kukagua chochote maishani. Nikapiga nyingine, nikapeleka, na hesabu ikarudi sifuri. Hilo hakuna aliyeniambia. Nililigundua mwenyewe mtandaoni nilipoona tarehe ya kupokelewa imebadilika.

Leo ni wiki ya 11. Kila asubuhi naingiza namba ya ombi, na kila asubuhi linatokea neno lile lile: "Linashughulikiwa." Na nani? Wapi? Basi hata waandike liko meza ya ngapi.

Mwanzoni niliwalaani maafisa. Sasa nimeacha, nusu. Kuchapa kitabu si kazi ya wiki nzima. Kinachokula siku ni foleni. Piga hesabu: yakiingia maombi 100 kwa siku na wao wakamaliza 90, hakuna aliyezembea, lakini baada ya siku 100 za kazi kuna maombi 1,000 yamelala. Na yaliyolala yanazaa kazi nyingine, kwa sababu watu kama mimi tunapiga simu, na anayetujibu ndiye alitakiwa awe anafungua mafaili. Wengine wakisikia kuna mrundikano wanakimbilia kuomba hata safari hawana. Baada ya korona si ndivyo ilivyokuwa? Mwaka 2020 safari zilisimama, watu wakaziacha pasipoti zife kabatini, mipaka ilipofunguka wakaamka wote kwa pamoja. Uingereza watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamechelewa kuomba, wakaambiwa wajiandae kwa wiki 10. Marekani mwaka 2023 ikafika wiki 10 hadi 13, na hadi warudi kwenye 6 hadi 8 ilikuwa Desemba. Kwa kuwa pasipoti ya mtu mzima kwa wengi ni ya miaka 10, kundi lile la mwaka 2023 litarudi dirishani karibu mwaka 2033. Mwaka huo usioe tena, tafadhali.

Mdogo wako ananishauri nitafute "mtu". Simtafuti. Yule jirani yetu wa zamani alimpata huyo mtu, akampa pesa na cheti halisi cha kuzaliwa, vyote vikaondoka pamoja. Sasa yuko foleni ya cheti, ya pasipoti hajaiona.

Basi juzi nikaenda dirishani mwenyewe. Nilikutana na afisa mstaarabu, kusema kweli. Akaniambia harusi si dharura. Msiba na matibabu ndiyo dharura. Nilitaka kumwambia kwamba wewe kupata wa kukukubali ni dharura tosha, ila nikameza. Akasema nikileta barua ya mwaliko yenye tarehe, pamoja na tiketi, ataliombea faili lipandishwe juu.

Sasa hiyo tiketi ndiyo inayoninyima usingizi. Nikate tiketi ya safari kwa kitabu ambacho hakijachapwa? Nisipokata, faili linabaki chini. Nikikata na kitabu kisitoke... Nafikiria ile inayobadilishika tarehe, ingawa bei yake, acha tu.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Niandikie barua ya mwaliko, utie sahihi, uambatishe nakala ya kitambulisho chako. Majina yangu yaandike yote matatu, herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye pasipoti ya zamani. Lile jina la utani la shuleni weka pembeni, mtu wangu.

Halafu nenda katoe pasipoti yako sasa hivi, na ya bibi harusi. Kama anataka kuchukua jina lako, asibadilishe kabla ya fungate. Jina la kwenye tiketi lisipolingana na la kwenye pasipoti, utakwenda fungate na mizigo.

Barua utaituma lini? Ya kwako inaisha mwaka gani? Mwenzio ameshakataa au amekubali kusubiri jina? Na mama yako amekasirika, au hujamwambia? Kama sitafika, nani atasimama nawe, usiniambie ni yule Mhasibu?

Wako,
mwenye kivuli nyuma ya sikio