Mwambie Ami Salim fidia kamili haijatoka

Mama, shikamoo.

Zuhura kaniambia Ami Salim keshakwenda Mtwapa kuangalia kiwanja, eti Marekani wamenilipa fidia ya mgongo nilioumia jeshini. Kasikia wapi? Nilichopewa ni asilimia 10 tu ya ulemavu, na hiyo nimeikatia rufaa.

Mweleze hivi. Mgongo wa mwanajeshi mstaafu huku hulipwa kwa nyuzi unazoinama. Ukivuka 60 usipite 85, asilimia 10. Ukikwama kati ya 30 na 60, ni 20. Usipovuka 30, ni 40. Sasa yule daktari wao alinipima asubuhi nimeshameza dawa, akaandika, tukaagana. Hakuniuliza siku mgongo ukikaza ninakuwaje, na sheria inamtaka aulize! Ganzi ya mguu wa kushoto hakuigusa kabisa, ilhali neva ya mguu huhesabiwa peke yake. Nikikumbuka hasira hunipanda.

Njia ni tatu: mkubwa wao aupitie uamuzi kwa karatasi zilezile, au upeleke ushahidi mpya, au uende kwa majaji wa Bodi ya rufaa za wanajeshi wastaafu. Mimi nimepeleka ushahidi. Daktari wangu ameandika kwamba maumivu haya yametokana na kazi ya jeshi, na sajenti mwenzangu ameandika aliyoyaona siku nilipoanguka kwenye lori. Muda wa rufaa ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua yao, nami nimeuwahi, kwa hiyo nikishinda watahesabu malipo tangu ombi la kwanza. Hilo la malimbikizo usimwambie Ami, ataanza kuchimba msingi.

Kile kiwanja cha marehemu baba alikiuza bila kuniuliza, leo anataka nimnunulie kingine? Nikinunua, hati itakuwa na jina lako.

Mimi mzima. Uraia nimeupata kwa jeshi, na ada ya chuo inalipwa kwa utumishi wangu. Mei navaa joho, wa kwanza katika ukoo wa mzee Bakari. Picha nitaituma, na Ami aliyesema nimekuja kupotea aoneshwe wa kwanza. Ila jana nilipika mbaazi za mkebe nikala na mkate wa dukani, Mama, sahani sikuimaliza. Mahamri yako hayana mfano huku.

Pesa za dawa ya presha nimemtumia Zuhura. Zisipitie kwa Ami.

Mwanao,
Hamisi