Barafu ya Greenland inatembea

Mhariri,

Wiki iliyopita gazeti lako lilitoa makala kuhusu Greenland, na mwandishi akaifananisha barafu ya huko na kipande cha barafu ndani ya glasi ya juisi: jua linawaka, kinapungua, kinakwisha. Nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa Tanga, na mfano huo vijana wanakuja nao darasani kila mwaka. Naomba nafasi niseme una upungufu gani. Barafu ile haingoji jua pale ilipo. Inatembea kuelekea baharini, na mwendo wake unategemea sana maji yaliyojificha chini yake.

Watu huuliza maji yatoke wapi mahali penye baridi kali kiasi kile. Barafu yenye unene wa kilomita tatu au nne ni kama blanketi. Joto linalopanda kutoka ardhini linakosa pa kutokea, msuguano wa barafu ikijiburuza juu ya mwamba unaongeza joto lake, na uzito wote ule unaifanya barafu ya chini iyeyuke hata kabla haijafika nyuzi sifuri. Ndiyo maana Ziwa Vostok la Antaktika, lenye urefu wa kama kilomita 250, limebaki maji matupu chini ya karibu kilomita 4 za barafu. Maziwa ya namna hiyo yamekwisha kuhesabiwa kwa mamia. Mengine hujaa na kumwagika chini kwa chini, na setilaiti huona uso wa barafu ukipanda na kushuka kwa mita kadhaa bila mtu kusikia chochote.

Mwaka jana niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu soko la samaki alfajiri. Kijana mmoja alikuwa akiburuta pande la barafu kwa kulabu juu ya saruji kavu. Mishipa ya shingo ilimsimama, pande likasogea hatua mbili likagoma. Mwenzake akamwaga ndoo ya maji chini yake, na pande lilelile likateleza kwa kusukumwa na mkono mmoja. Wanafunzi wakacheka kwa furaha. Lakini nikawaambia wasubiri. Maji yalipoupata mfereji wa katikati ya soko yakakimbilia huko, sakafu ikabaki na unyevu tu, na pande likagoma tena. Maji yalikuwa bado yanatiririka, tena mengi, hatua moja kutoka pale lilipokwama.

Hilo pande lililogoma mara ya pili ndilo lililoniandikisha barua hii.

Huko Greenland magharibi, mwezi Julai 2006, watafiti walikuwa wameweka vipimo kando ya ziwa lililojikusanya juu ya barafu wakati wa kiangazi. Lilikuwa na eneo la kilomita za mraba 5.6. Ufa ukapasuka hadi mwambani, kupitia barafu yenye unene wa karibu mita 980, na ziwa zima likashuka kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Maji yalipita kwa wingi kuliko yale ya maporomoko ya Niagara. Barafu ya juu, yenye unene huo wote, ikainuliwa zaidi ya mita moja, ikasogea, kisha ikatua. Miaka michache kabla, kwenye kambi nyingine ya utafiti huko huko, ilikuwa imeonekana kwamba barafu inayokwenda takriban sentimita 31 kwa siku majira ya baridi hufika kama 40 kiangazi, maji ya juu yanapopenya chini. Mgandamizo wa maji unakaribia kuubeba uzito wa barafu, mshiko wake kwenye mwamba unalegea, nayo inakwenda.

Baada ya habari hizo wengi waliamini kwamba kadiri joto linavyozidi na maji yanavyozidi, ndivyo barafu itakavyokimbia bila breki. Haikuwa hivyo. Maji yakiwa mengi na yakidumu, hujichimbia mifereji yao chini ya barafu. Mifereji ikishapanuka, maji hutoka haraka, mgandamizo unashuka, barafu inaukalia mwamba tena. Kusini-magharibi mwa Greenland vipimo vya setilaiti vilionyesha kwamba kati ya 2007 na 2014 barafu ilikwenda polepole kwa asilimia 12 kuliko kati ya 1985 na 1994, ingawa maji ya kuyeyuka yalikuwa yameongezeka kwa asilimia 50. Hatari kubwa ya kuongeza kasi huja pale maji yanapoingia kwa mpigo, kabla mifereji haijawa tayari.

Kwa hiyo anayeandika kwamba maji chini ya barafu ni mafuta ya kulainisha amesema nusu. Na anayedhani kupungua kwa kasi ni habari njema naye amekosea, kwa sababu barafu inazidi kuyeyuka juu hata ikienda taratibu.

Antaktika Magharibi upo mto wa barafu, yaani ukanda wa barafu unaokwenda kasi kuliko barafu ya kando yake, uitwao Kamb ambao ulisimama miaka kama 160 iliyopita, wakati jirani yake Whillans bado unakwenda. Maelezo yanayotolewa zaidi ni kwamba maji yaliyokuwa chini ya Kamb yaliganda au yalielekea kwingine. Mto mzima wa barafu ukasimama kama lile pande la sokoni. Nikiwaeleza wanafunzi habari hii darasa linanyamaza.

Mhariri, sisi wa mwambao tuna sababu yetu ya kufuatilia. Barafu ya Greenland ni kubwa mno hata huyavuta maji ya bahari yaliyo karibu nayo. Ikipungua, mvuto huo unapungua, na maji hayo huenea kwenda mbali. Kwa hiyo maji yanayotoka Greenland huzipandisha bahari za huku ikweta kuliko wastani wa dunia. Sisemi kwamba minazi iliyong'olewa na mawimbi ninayoiona nikienda Pangani imeangushwa na Greenland. Mchanga unachotwa na mikoko inakatwa, na hayo ni ya mikono yetu. Lakini anayepanga kujenga ukuta wa bahari utakaodumu miaka 50 anahitaji kujua barafu itafika baharini kwa kasi gani, na jibu lake liko chini ya barafu, kwenye maji ambayo makala yenu haikuyataja hata mara moja.

Naomba mrudie mada hii na mwandishi aliye tayari kuieleza kwa urefu, pamoja na mchoro. Ninao niliouchora kwa chaki na kuupiga picha: barafu, ziwa la juu, ufa, mfereji na mwamba. Nitauleta mwenyewe ofisini kwenu mkiuhitaji.

Mwalimu wa Jiografia,
Tanga