Waya wako si mbovu: sumaku ya umeme kwa wanafunzi wanaonunua waya kwetu

Shule zikifunguliwa, karakana yetu hapa Gerezani, Dar es Salaam, hupata wateja wa aina ya pekee: wanafunzi wa sekondari waliotumwa na mwalimu wa fizikia kutafuta waya wa kutengenezea sumaku ya umeme. Kazi yetu hasa ni kusuka mota na transfoma, na waya wa kusukia huuzwa kwa kilo, lakini mwanafunzi tunamkatia mita anazotaka. Shida huanza kesho yake. Anarudi na waya ule ule, kauzungusha kwenye msumari vizuri tu, na malalamiko juu: "Fundi, huu waya mbovu, haunasi hata pini."

Mara nyingi waya ni mzima. Ile rangi nyekundu inayong'aa si shaba tupu. Ni vanishi, utando mwembamba uliopakwa kiwandani ili mizunguko ilaliane bila umeme kuruka kutoka mmoja kwenda mwingine. Ukiubana waya kwenye betri bila kukwangua ncha, ulichobana ni vanishi, na umeme haupiti. Chukua wembe au kipande cha msasa, kwangua kama sentimita 2 kila ncha, tena kwa kuzunguka pande zote, mpaka wekundu wa kahawia utoke na shaba yenyewe ionekane. Kisha pima kwa balbu ya tochi: betri, waya, balbu. Ikiwaka, endelea.

Ukikwangua ukakuta ndani ni weupe kama fedha, hapo una haki ya kulalamika. Umeuziwa alumini iliyovikwa shaba, na mitaani ipo mingi. Sumaku itafanya kazi, ila waya wa unene ule ule utakuwa na ukinzani mkubwa zaidi, na kuulehemu ni mateso.

Vanishi hii ina historia fupi inayofaa kujua. William Sturgeon wa Uingereza ndiye aliyetengeneza sumaku ya umeme ya kwanza, miaka ya 1820. Alipaka vanishi chuma chake, waya akauacha mtupu, kwa hiyo ilibidi mizunguko ikae mbalimbali isigusane. Joseph Henry, mwalimu wa Albany kule Marekani, akageuza: akauvika waya wenyewe hariri. Ghafla akaweza kurundika mizunguko tabaka juu ya tabaka. Mwaka 1831 alitengeneza sumaku iliyonyanyua zaidi ya kilo 900. Umeme wake ulitoka kwenye betri tu, hakuna cha jenereta.

Sasa kwa nini waya uwe sumaku hata kidogo? Jibu la kitabu linaanzia Copenhagen, mwaka 1820, pale Hans Christian Ørsted alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Jaribio hili lifanye mwenyewe, halihitaji maabara. Waya ukipitisha ampea 2, umbali wa sentimita 1 kutoka kwake kuna uga wa sumaku, yaani eneo ambamo nguvu ya sumaku inasikika, wa maikrotesla 40 (tesla ndiyo kipimo cha uga). Uga wa dunia hapa kwetu ni maikrotesla thelathini na kitu. Kwa hiyo vinakaribiana, na dira iliyowekwa chini ya waya uliolazwa kaskazini-kusini itasita baina ya wawili hao, isielekee kaskazini wala isikae mkingamo kabisa. Huo uga unauzunguka waya kwa duara. Ushike waya kwa mkono wa kulia (kwa mawazo tu), gumba lielekee mkondo unakokwenda, vidole vinne vitakuonyesha uga unakozungukia.

Ukiukunja waya uwe koili, yale maduara yote yanajumlishana ndani ya koili na kuelekea upande mmoja. Hapo mkono wa kulia unabadilisha kazi: vidole vinne vifuate mkondo, gumba litaonyesha ncha ya kaskazini. Wengi wanakosea hapa kwenye mtihani kwa sababu wamekariri mkono bila kuangalia kilichopinda ni nini. Kwenye waya ulionyooka uga ndio unaopinda, kwenye koili ni mkondo. Vidole vinavyokunjwa hufuata kile kinachopinda.

Na msumari je? Koili ya mizunguko 200 kwenye urefu wa sentimita 10, ikipitisha ampea 1.5, bila chuma ndani hutoa militesla 3.8 hivi. Ni zaidi ya mara mia ya uga wa dunia, ila ukijaribu kunasa nayo pini utachoka bure. Chuma ndicho kinachoikuza. Ndani ya chuma kuna vijieneo vidogo, mwalimu anaviita domeini, na kila kimoja tayari ni sumaku. Kwa kawaida vimekaa kama abiria stendi, kila mmoja anatazama basi lake, kwa hiyo nguvu zao zinafutana. Uga wa koili unavigeuza vitazame upande mmoja. Umeme ukikatika, kwenye chuma laini vingi vinarudi vurugu. Kwenye feleji, ile ya bisibisi na visu, vinabaki vimenyooka. Ndiyo maana kiini cha sumaku ya umeme ni chuma laini na sumaku ya kudumu hutengenezwa kwa feleji au aloi maalumu. Msumari wa dukani uko katikati: utaacha pini nyingi, utabaki na moja mbili. Usishangae, na usiandike kwenye ripoti kwamba jaribio limeshindikana.

Ukizipasha moto domeini, zinavurugika zote. Kwa chuma hilo linatokea nyuzi 770 za Selsiasi. Kugongagonga kwa nyundo nako kunaivuruga sumaku, japo si kwa ukamilifu ule. Sumaku za spika tunazouza zimetoka kwenye redio za zamani, na ukiidondosha sakafuni mara kwa mara usije kutuuliza kwa nini imelegea.

Njia ya kujua kipande cha chuma ni sumaku kweli ni kusukumana. Kuvutana hakuthibitishi chochote, maana sumaku huvuta hata chuma cha kawaida. Swali hili limejaa kwenye mitihani.

Twende kwenye jambo ambalo wanafunzi huuliza zaidi wakiwa kaunta: "Nikiongeza mizunguko, nguvu itaongezeka?" Kitabu kinasema ndiyo. Karakana inasema inategemea, na hapa nitakaa kidogo.

Nguvu ya koili inafuata zao la mizunguko na mkondo, yaani ampea mara idadi ya mizunguko. Lakini kila mzunguko ni waya, na waya una ukinzani, hivyo ukiongeza mizunguko unapunguza mkondo. Chukua msumari wa inchi 4, ambao mzunguko mmoja unakula milimita 17 hivi, na waya wa geji 26 (geji ni namba ya unene wa waya: ikiwa ndogo, waya ni mnene), wenye unene wa milimita 0.46. Waya huo una ukinzani wa karibu omu 0.1 kwa mita. Betri ya tochi ina volti 1.5, na tuseme ukinzani wake wa ndani ni omu 0.5. Mizunguko 100 inakupa ampea 2.2, zao 220. Mizunguko 200: ampea 1.7, zao kama 350. Mizunguko 400: ampea 1.2, zao 490. Mizunguko 800: ampea chini kidogo ya 0.8, zao 620. Umeongeza waya mara nane, nguvu haijafika hata mara tatu. Na kwa betri hiyo hutavuka 830, hata ukisuka mpaka kesho. Isitoshe, tabaka za nje zina mizunguko mirefu zaidi, kwa hiyo hali halisi ni mbaya kuliko hesabu yangu.

Hata hivyo koili ya mizunguko 400 ndiyo ninayowashauri vijana, kwa sababu betri inapumua. Ile ya mizunguko 100 inavuta ampea 2.2 kutoka betri moja ya tochi. Baada ya muda mfupi betri ni ya moto na imekwisha. Kwa mizunguko 400 utahitaji mita 7 kwa hesabu ya juu juu. Nunua 8.

Onyo, na wazazi mlisome pia. Koili hiyo isichomekwe kwenye soketi ya ukutani hata kwa sekunde. Ukinzani wake ni chini ya omu 1, umeme wa nyumbani ni volti 230. Kama bahati ipo, sakiti breka itaruka. Kama haipo, waya utalipuka mkononi.

Sasa mota, maana ndiyo inayolisha karakana. Waya wenye mkondo ukiwekwa ndani ya uga wa sumaku husukumwa. Mwelekeo wake ni ule wa Fleming, mkono wa kushoto: kidole cha shahada kifuate uga, cha kati mkondo, gumba linatoa mwendo. Mkono wa kulia uuache kwa jenereta. Hayo mnayajua. Jambo ambalo kitabu hulipitia mbio ni hili: mota ikizunguka, yenyewe inakuwa jenereta. Waya zake zinakata uga, na Michael Faraday alishaonyesha mwaka 1831 kwamba uga ukibadilika ndani ya koili, volti huzaliwa. Volti hiyo inapingana na ile uliyoingiza.

Hesabu ndogo. Mota ya umeme mnyoofu, yaani kama wa betri, ya volti 12, waya zake zina omu 2. Ikizunguka kwa kasi yake, tuseme inazalisha volti 10 za kupinga. Zinabaki volti 2 tu za kusukuma mkondo: ampea 1, joto la wati 2 ndani ya waya. Ishike isizunguke. Volti ya kupinga imekufa. Sasa volti 12 zote zinasukuma: ampea 6, joto la wati 72. Mara 36.

Hapo ndipo pampu za maji zinapoungulia. Mota ya pampu ya nyumbani haina brashi (vipande vya kupelekea umeme kwenye sehemu inayozunguka), na mkondo wa rota yake, ndiyo sehemu inayozunguka, unazaliwa kwa mchocheo, yaani na uga unaobadilika, lakini ikikwama yanatokea yale yale: mkondo hupanda kwa kawaida mara 5 hadi 7. Mteja anasema, "Ilikuwa inaunguruma tu haizunguki, nikaiacha kidogo nione." Huko kuacha kidogo ndiko kunakochoma vanishi. Ukifungua kifuniko harufu inakupiga kabla hujaona kitu, kisha unaona koili nyeusi, kamba za kufungia zimekuwa makaa, na waya ukiugusa kwa kucha vanishi inabanduka kama unga. Kwenye mota za fezi tatu kuna alama inayotuambia mengi: mafungu mawili meusi na moja bado linang'aa. Kwa mota iliyofungwa kwa nyota (mafungu yote matatu yameunganishwa ncha moja moja pamoja katikati), hiyo ni fezi moja ilikatika na mota ikaendelea kuhangaika na mbili. Si kosa la aliyeisuka, ingawa lawama huja kwetu.

Umeme mdogo nao una hesabu yake. Nguvu ya kuzungusha ya mota hizi hufuata kipeo cha pili cha volti. Zikishuka kutoka 230 hadi 160, nguvu ya kuanzia inabaki chini ya nusu. Pampu inaunguruma, inashindwa kuanza, mkondo uko juu, na tunarudi kule kule. Kapasita, kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza, ikichoka huleta dalili hiyo hiyo, nayo ni bei nafuu kuliko kusuka mota nzima, kwa hiyo tunaipima kwanza.

Transfoma, kifaa cha kupandisha au kushusha volti, ni fupi ukishaelewa ya Faraday. Fundi huhesabu kwa mizunguko kwa volti. Kiini kikitaka mizunguko 5 kwa volti, upande wa 230 tunasuka 1,150, na upande wa 12 tunasuka 60. Ukiiwekea betri haifanyi kitu, maana uga wa betri haubadiliki, ila pale unapowasha na kuzima. Kiini hutengenezwa kwa bati nyembamba, kama nusu milimita au chini yake, zilizotenganishwa kwa kihami, kwa sababu chuma kizima nacho ni kipitishio: uga unaobadilika ungezungusha mikondo ndani yake na kukichemsha bure.

Kwa atakayekuja: taja kazi unayofanya kabla ya kutaja geji, maana wengi hutumwa "geji yoyote" na yoyote haipo. Kwa msumari na betri, geji 26 inatosha. Kwa mota ndogo ya kuonyesha darasani, ile ya pini mbili na sumaku moja, chukua geji 22, ni ngumu na haipindipindi. Ukitaka, tunakukwangulia ncha hapa hapa bila malipo. Stata zilizoungua (stata ni sehemu ya mota isiyozunguka) hatuziuzi zote kwa chakavu. Mwalimu anayetaka ya kufundishia aje na barua ya shule, achague, na aje na mtu wa kumsaidia kubeba.